Mwenyekiti Amepita Hapa

Stella hakuwa na simile na watu wanaoandika majina yao kwenye mawe. Njia ya miguu inayoshuka kutoka vilimani hadi pwani ilipoanza kupata wageni, kamati ya njia hiyo ilimkabidhi kipande cha juu: aokote chupa na karatasi za biskuti, na asugue kila andiko. "Jafari wa Mingoyo", kwa rangi nyekundu, hakudumu hata wiki mbele ya brashi yake ya waya.

Asubuhi moja mwenyekiti wa kamati, Mzee Dominick, alimkuta kazini.

"Shikamoo, mwenyekiti. Na hii mishale ya njano, nayo nifute?"

"Marahaba. Kwani njano si rangi? Nataka wageni walikute jiwe kama Mungu alivyoliumba."

Stella angeweza kumkumbusha kwamba mishale ndiyo inayoonyesha njia. Hakumkumbusha. Yeye hakuihitaji, na kusugua kulishamkolea. Akaifuta yote.

Siku chache baadaye wakaja wageni sita kutoka Lindi, kiongozi wao mwalimu mstaafu aitwaye Yustina. Fakihi, ambaye kwa kawaida ndiye huwatembeza wageni, alikuwa na homa. Dominick akasema atawapeleka mwenyewe, maana vilima hivi ndivyo vilivyomzaa. Hakusema kwamba miaka yote hii alikuwa akipanda huko kwa bodaboda, kwa njia ya barabarani.

Alasiri, Stella alikuwa kambini juu ya vilima, akiwasubiri wapande, na wali ulikwisha kupoa. Hakuna aliyetokea. Akabeba dumu la maji, akashuka kuwatafuta.

Akafika penye njia panda, alipofuta mmoja wa mishale ile. Jiwe lilikuwa safi, halina hata alama. Kisha upande wa korongoni, kusikopaswa kupitwa, akaona karatasi ya biskuti. Mbele yake chupa. Mbele zaidi chupa nyingine. Tangu apewe kazi ile, hakuwahi kuona taka akamshukuru Mungu. Akawa anaziokota huku akizifuata.

Ziliishia kwenye mwamba mkubwa. Hapo mtu alikuwa amechonga kwa ncha ya panga, herufi nene: MWENYEKITI DOMINICK AMEPITA HAPA NA WATU SITA. Chini yake, mshale.

Stella alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaufuata.

Aliwakuta kwenye shamba la mikorosho lililotelekezwa, wamevua viatu, midomo imekauka.

"Stella! Umetupataje?" Dominick aliuliza.

"Nimesoma, mwenyekiti."

Yustina peke yake ndiye aliyecheka.

Wakati wa kurudi walipita tena pale mwambani. Dominick akamsogelea Stella, akanong'ona, "Kesho uje na brashi yako."

"Brashi ni ya rangi, mzee wangu. Hili umelichonga."

"Lilikuwa jambo la dharura."

"Najua. Hata Jafari labda alikuwa na dharura yake."

Kabla Dominick hajajibu, Yustina alishasimama kando ya maandishi, akitaka apigwe picha.

Wiki iliyofuata Stella alitumwa kupaka mishale upya, akaipaka minene kuliko ya zamani. Siku hizi wageni wakifika, Fakihi huwauliza kama waanze na mapango ya vilimani au na mwamba wa mwenyekiti, na wengi huchagua mwamba. Dominick alijaribu kuusiliba kwa udongo. Mvua ya kwanza ikauosha, herufi zikasomeka vizuri zaidi.