Kikwembe cha Nyundo Kumi na Tatu

Mama Odile aliigeuza karatasi ya mchoro juu chini, akaigeuza tena, kisha akaiweka mapajani kama mtu aliyeonja chumvi akitafuta sukari.

"Bilkisi, mwanangu, hii njo ukuta ya matofali."

Wenzake kumi na mmoja wakacheka. Bilkisi hakucheka. Tangu apate diploma yake ya usanifu wa michoro, alikuwa amewaahidi wanawake hawa watwanga mawe ya shaba kikwembe, kitenge cha sare, ambacho hakuna chama kingine Kolwezi kingekivaa tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake: kikwembe kilichochorwa na sauti yao wenyewe. Programu aliiandika yeye. Kila pigo la nyundo huwa doa. Pigo zito, doa kubwa. Kila nyundo, kwa mlio wake, hupewa mahali pake; ikinyamaza, nafasi tupu. Mtu akipiga ukelele, mstari hukatiza na rangi hutoka kwenye kijani cha jiwe la shaba ikawa nyekundu kama waya wa shaba. Yeye alitoa masharti tu. Kuchora, ilichora sauti.

Na sauti ilikuwa imechora ukuta.

"Kesho saa sita tunatuma ku kiwanda," alisema Mama Agnès, mwenyekiti, kwa upole unaouma. "Kama hauna ingine, tutakamata ile ya Lubumbashi."

Ile ya Lubumbashi ilikuwa kwenye kitabu cha sampuli: mwanamke anatabasamu, beseni kichwani.

"Ule mwanamuke hajatwanga hata karanga!" Bilkisi akasema.

"Lakini eko na sura," Odile akajibu. "Mi, sura yangu iko wapi mu hii ukuta?"

Nyumbani Bilkisi akasikiliza tena alichorekodi. Pa. Pa. Pa. Nyundo kumi na mbili zikianguka kama moja, sawasawa kama matofali. Hakuna kikohozi, hakuna mtoto. Ndipo akakumbuka siku ile: kiwanja kimefagiliwa, vumbi limenyunyiziwa maji, akina mama wamevaa blauzi za kanisani. Mgeni mwenye kinasa sauti hapokelewi ovyo. Walikuwa wamemtwangia mgeni, kama kwaya inavyomwimbia askofu. Naye, mjinga, akawashukuru.

Asubuhi alirudi na kikwembe kikuukuu, simu ameifunga kiunoni kwa fundo.

"Simu iko hapa, inasikia," aliwaambia. "Lakini mi leo sikuye kusikiliza. Nimekuya kutwanga. Munipatie nyundo."

"Utavunja makucha!"

"Yataota ingine."

Mwanzoni walimtwangia tena kwa heshima, wote pamoja. Bilkisi akakaza meno, akaendelea. Kiganja kikatoa lengelenge, lengelenge likapasuka. Kisha akakosa jiwe, akapiga kidole gumba, akapiga na kelele iliyowafukuza kuku. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu, na waliporudi kazini hakuna aliyekumbuka kuwa kuna mgeni.

Nyundo zikatawanyika. Mama Hawa aliposimama kunyonyesha, majirani zake wawili, bila hata kutazama, wakaongeza kasi na nguvu, wakavuta mawe yake upande wao, ili fungu lake lisibaki nyuma. Aliyechoka alipumzika, nyundo za kando zikambeba. Mkono wa Bilkisi ulipokufa ganzi, alisikia nyundo mbili zikiharakisha, kulia na kushoto. Zilikuwa zikimbebea yeye. Akainama, ili wasimwone macho.

Saa sita ikikaribia, aliweka kompyuta aliyokuja nayo juu ya beseni lililopinduliwa. Safari hii ukuta haukutokea. Kioo kilijaa miduara ya kijani, na kila penye nafasi tupu, madoa makubwa mawili yalikuwa yameinama pembeni yake.

Hawa ndiye aliyesogea kwanza na kuweka kidole. "Hapa njo mi. Mutoto alikuwa ananyonya."

"Na aba bakubwa pembeni?" Odile akauliza.

"Njo weye na Agnès," Hawa akasema.

Odile alijitazama kwenye kioo, mikono kiunoni. Kisha akaonyesha mstari mmoja mwekundu uliopinda, umekatiza miduara. "Na hii mbaya?"

"Kidole yangu," Bilkisi akasema. "Ninaifuta sasa hivi."

"Ufute nini?" Odile akamshika mkono. "Tulitwanga bangapi leo? Kumi na tatu. Iache."

Mama Agnès alifunga kitabu cha sampuli, akakikalia.

"Tuma," akasema. "Kisha ukuye umalize fungu yako."

Bilkisi akatuma kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa tayari umeshika nyundo.