Funga ya Ami Hamdan

Mimi ndiye niliyemwambia Hannah kwamba mahakama iko wazi kwa kila mtu. Nilimwambia kwa kiburi, kama kwamba mlango ule nimeuchonga mwenyewe. Na mimi vilevile ndiye niliyemchukua ami yangu nikaenda naye msibani. La kwanza halikumsaidia Hannah kitu, la pili lilimmaliza ndugu yake, na yote mawili niliyafanya kwa nia njema. Siku hizi nikisikia mtu anataja nia njema natamani kumrushia kiatu.

Nina ofisi ndogo ya uchapaji na tafsiri, Khuwair ya Kusini, juu ya duka la miwani. Nilizaliwa Unguja, nikaja Maskati nikiwa na miaka kumi na tisa, na wateja wangu wengi ni watu wa bara walioambiwa kwamba ghorofani kuna mama anayejua Kiswahili na Kiarabu cha serikali. Hannah alizipanda ngazi zangu Jumapili moja ya Februari, mwaka 2003, akiwa bado na sare ya hoteli anakotandika vitanda, kule Bustan. Alikuwa Mkenya wa Kakamega, mrefu, wa kanisani, na alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia mara mbili aketi.

Mdogo wake, Enos, alikuwa dereva wa lori la maji. Jana yake alikwenda kujaza tangi la nyumba moja Ansab, akaegesha penye mteremko, akavuta breki ya mkono, akashuka kufunga mpira wa maji. Lori likarudi nyuma lenyewe mpaka ukutani. Mzee mmoja, Aziz, alikuwa akipita nyuma yake akitoka msikitini, na alifariki palepale. Enos alichukuliwa na polisi akiwa bado ameushika ule mpira.

"Hiyo breki ilikuwa mbovu, mum," Hannah aliniambia. "Aliambia foreman mara mbili. Hata mimi alinipigia simu akilalamika. Sasa kampuni inasema haijawahi kusikia kitu kama hicho."

"Kuna karatasi? Aliandika popote?"

"Alisema tu kwa mdomo. Na yule Mpakistani walikuwa wanaendesha naye, leo asubuhi ameambiwa aende likizo."

Nikamuuliza anataka nimwandikie nini. Hakutaka kitu kikubwa, alisema. Kufungwa, Enos angefungwa akatoka. Kazi angepata nyingine. Alichotaka ni korti iseme kwamba ile ilikuwa breki, isiwe Enos. "Akirudishwa na hiyo kesi, nyumbani watasema ameua mtu Uarabuni. Mama yetu ataishi na hiyo maneno mpaka afe."

Nilimwandikia barua ya kuomba kumtembelea ndugu yake. Kisha, kwa kuwa mimi sijui kunyamaza, nikamuuliza kama amekwenda kutoa mkono wa pole kwa wafiwa.

"Si wataniua?" akasema.

"Nani akuue? Mtu kafa, mwanangu. Kwetu mtu akifiwa anaendewa, awe kafa kwa homa au kwa lori lenu. Ukijificha ndiyo watasema mna lenu. Kesho n'takupeleka mwenyewe."

Lakini wanawake wawili hawawezi kwenda hivihivi kwenye msiba wa watu wasiowajua, na upande wa wanaume lazima awepo mtu. Ndipo nikamwendea Ami Hamdan, mdogo wake baba yangu, mtu wa miaka sabini na tano, mwenye ndevu nyeupe safi na kilemba kilichokaa sawasawa, ambaye akitaja jina la kabila letu hata askari wa barabarani husimama wima. Hakuuliza maswali mengi. Alikuwa mtu wa misiba, Ami Hamdan, na hata Unguja watu walikuwa wakimjua kwa hilo.

Siku ya Jumatatu tukaenda Ansab. Sisi tukaingizwa ndani kwa wanawake, Ami akabaki barazani kwa wanaume. Mjane wa Mzee Aziz alimshika Hannah mkono na hakumwachia kwa muda mrefu, na Hannah alilia kwa kelele mpaka wenyewe wakaanza kumbembeleza yeye. Tulipewa tende na kahawa, tukala, tukanywa. Tulipotoka nilimuuliza Ami mambo yalikwendaje huko nje. "Watu wema," akaniambia. "Nimewapa pole, nimekaa kidogo, nimeondoka." Nilirudi nyumbani nimejaa raha. Nilijiona nimefanya jambo la maana kupita kazi zote zilizokuwa mezani kwangu mwaka ule.

Kesi ilianza Machi. Mara mbili ilitajwa, na mara zote mbili Hannah aliomba ruhusa kazini akaenda kusimama nje, ng'ambo ya barabara, juani. Mandubu wa kampuni ya Enos, yaani yule mtu wao wa kushughulikia karatasi za wageni, alikuwa amemwambia kwamba mgeni haingii mahakamani bila barua ya kafili, mwajiri anayemdhamini. Niliposikia nilipandisha mori. Nikamwambia Hannah kesi hizi husikilizwa kwa wazi, aingie Mhindi, aingie Mfilipino, aingie na paka akitaka, mradi akae kimya. Mara ya tatu, mwezi wa Mei, nikamshika mkono nikamwingiza mwenyewe. Askari wa mlangoni alitazama mikoba yetu tu. Hannah alinigeukia, na ule uso wake siusahau. Ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba amelala nje ya nyumba yake mwenyewe.

Ami Hamdan alitufuata, kwa sababu kwake yeye jambo ukishaliingia ulifikishe mwisho. Alikaa benchi la mbele la wanaume. Sisi tukakaa nyuma, upande wa pili. Enos aliletwa, amekonda, akamwona dada yake kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile, akanyanyua kidole kimoja kumsalimia. Mkalimani wa mahakama alisimama karibu naye akimsemesha Kiingereza. Alikuwa mkalimani mzuri, wala sina la kumlaumu.

Kadhi, au hakimu kama wanavyomwita watu wa bara, alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alimuuliza Enos, na Enos akaeleza breki yake, mteremko wake, na foreman aliyeambiwa mara mbili. Mwakilishi wa kampuni akasema hakuna ripoti yoyote ya breki. Taarifa ya polisi ikasomwa, nayo ilisema breki ilikutwa dhaifu, lakini haikuweza kujulikana ilikuwa dhaifu kabla au baada ya lori kugonga ukuta. Nilimnong'oneza Hannah kila neno. Nikamwambia, "Mpaka hapa si vibaya."

Ndipo kadhi akawauliza wafiwa wanadai nini. Akasimama Ghassan, mtoto mkubwa wa marehemu, kijana wa wizarani, mwenye sauti ya taratibu.

"Hatuna dai," alisema. "Siku ya tatu ya msiba watu wake walitujia. Walikuja na mkubwa wao, mtu mzima wa kabila linalojulikana. Tulimpa kahawa, akakiweka kikombe chini, hakukigusa mpaka alipoondoka. Hakutamka kitu. Tulifahamu kwamba aibu imemzuia kutamka. Mama yangu akasema mtu mzima kama yule haondoki nyumbani kwetu bila haja yake. Basi tumemsamehe huyu kijana alilomfanyia baba yetu, kwa ajili ya Mungu na kwa heshima ya mzee yule." Na akamwonyesha Ami Hamdan kwa mkono mzima, kwa adabu.

Nilikuwa nimeishi Maskati miaka thelathini na hakuna aliyepata kuniambia. Kwa watu wa bara ya Oman, mgeni mwenye ombi zito huiacha kahawa yake mbele yake mpaka mwenyeji amkubalie. Ndivyo wanavyoombana damu, na ndivyo mtu anavyosema kosa ni letu bila kufungua mdomo. Sisi tuliolelewa Unguja, kahawa kwetu ni kahawa, ukitaka unakunywa, usipotaka unaacha.

Kadhi akamwita Ami Hamdan asimame.

"Ulikwenda kwao?"

"Nilikwenda."

"Kahawa uliiacha?"

"Niliiacha. Nilikuwa nimefunga, sheikh. Ilikuwa Jumatatu."

"Uliwaambia kwamba umefunga?"

"Sikuwaambia."

"Uliwaambia kwamba kijana hana kosa? Kwamba ni breki?"

"Msibani, sheikh? Yule mzee hata wiki hajamaliza kaburini?"

Kadhi aliinama akaandika. Enos, alipotafsiriwa hayo, alisema kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwamba hakumtuma mtu yeyote kwa mtu yeyote, na kwamba hataki kusamehewa kitu ambacho hakukifanya. Ghassan aliposikia hayo kwa Kiarabu alikunja uso kama mtu aliyetoa zawadi ikatupwa chini.

Nilipomnong'oneza Hannah yaliyosemwa, alisimama. Alinyanyua mkono kama mtoto wa shule. "Tafadhali, mimi najua kuhusu hiyo breki. Aliniambia mwenyewe." Askari akamfanyia ishara aketi. Kadhi akauliza ni nani, akaambiwa, akatikisa kichwa bila ya ukali. Dada wa mshtakiwa aliyesikia kwa simu, asiyeandikwa popote kuwa ni shahidi. Aketi. Akaketi. Mlango niliomfungulia kwa mbwembwe ulikuwa wa kuingilia na kutazama tu.

Ndani ya gari sikuweza kujizuia. "Ami, funga ya sunna ya Jumatatu si hufunguliwa kwa heshima ya mwenyeji? Hata watoto wa chuo cha Kurani wanajua. Au ungesema tu, nimefunga. Neno moja!"

"Nnafunga kwa ajili ya Mungu, Zakiya. Nkitangaza mbele za watu, n'takuwa nimefunga kwa ajili yao." Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. "Miaka khamsini hakuna aliyejua siku zangu isipokuwa marehemu mke wangu."

Nilitaka kumgombeza zaidi, lakini nani alimpeleka Ansab? Na nani aliyechagua siku? Hannah alikuwa kiti cha nyuma, tukamshusha Bustan.

Niliandika maombi mawili. La kwanza niliomba Mpakistani arudishwe kutoa ushahidi, la pili nikaeleza habari ya funga na kahawa, kurasa tatu, kwa Kiarabu nilichokuwa nikijivunia. Yote mawili yalipokewa, yakapigwa mhuri, yakatiwa kwenye jalada. Sijui kama yalisomwa.

Hukumu ilikuja mwezi wa Juni. Siku ya Jumatatu tena, na Ami Hamdan alikuja nasi. Chumba kilikuwa kimejaa watu wa kesi nyingine, na karani alizisoma hukumu moja baada ya moja bila kupumzika. Ya Enos haikuchukua dakika mbili. Amepatikana na hatia ya uzembe uliosababisha kifo. Kwa kuwa wafiwa wamesamehe, na watu wake walikwishaijia familia kwa njia inayojulikana, adhabu imepunguzwa kuwa miezi minne ambayo amekwisha kuikaa, na kisha atatolewa nchini. Kampuni haikutajwa hata mara moja.

"Amesema nini?" Hannah akaniuliza. Nilimwambia. Nikamwambia pia kuna rufaa, siku thelathini, na kwamba nitaiandika bure. Lakini rufaa maana yake ni kukaa ndani mpaka isikilizwe, na Enos aliposhushwa kizimbani alikuwa amekwisha kumwambia mkalimani imetosha, apelekwe uwanja wa ndege. Alipita mbele yetu na askari wawili. Safari hii hakunyanyua kidole.

Tulipotoka ukumbini Ghassan alikuwa akitungojea. Alikuwa na chupa ya kahawa na vikombe viwili vilivyofungwa kitambaa, vitu alivyovileta makusudi kutoka nyumbani. Akambusu Ami Hamdan begani. Akasema jambo limekwisha sasa, kwa maandishi na mhuri, na mama yake amemtuma aje kuikamilisha haja ya mzee. Akamimina, akampa kwa mkono wa kulia.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimtazama ami yangu, na nilijua kwamba amefunga, kwa sababu midomo yake ilikuwa mikavu na kwa sababu mimi sasa nilikuwa nimejifunza kuzihesabu siku zake. Alikitazama kikombe. Alimtazama Hannah, aliyekuwa ameegemea ukuta na mkoba wake kifuani. Kisha akasema bismillahi, akanywa, chote, na Ghassan akafurahi, akammiminia tena, akanywa tena, na machozi yalikuwa yakimtoka yanaingia ndevuni.

Hannah alinivuta mkono wa buibui.

"Mum," akasema, "hiyo siku angekunywa hivyo tu?"

Kikombe kilikuwa kidogo, cha kufichika ndani ya kiganja.

"Hivyo tu," nikamwambia.