Nakala kwa Mwalimu Mkuu

Mzee Abubakari alistaafu ukaguzi wa shule akiwa na vitu viwili: shamba la viazi kule Malindi ya milima ya Lushoto, na watu wanaobadilisha njia wakimwona. Miaka thelathini alipanda milima hii kukagua walimu, na kila aliposhuka kwenye gari la ofisi hakukosekana mwalimu aliyeshikwa na tumbo ghafla. Siku hizo alidhani ni heshima. Alipobaki nyumbani ndipo alipojua kuwa ilikuwa hofu tupu, na jambo hilo lilimuuma kuliko goti lake bovu.

Kwa hiyo Husna alipomfuata shambani kumwomba awe mshauri wa kujitolea, hakujivunga hata kidogo. Husna alikuwa mratibu wa shirika dogo la Lushoto mjini linalosaidia walimu waliochoka. Binti mdogo, lakini anasema lake bila kupepesa macho.

"Mzee wangu, sisi hatukagui mtu. Unakaa na mwalimu, anakueleza kinachomshinda, mnatafuta dawa pamoja. Anachokwambia kinabaki kwako."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Alielewa, tena vizuri. Tatizo la mzee huyu halikuwa kuelewa.

Akapewa shule moja ya njia ya Mtae, ambako basi likikushusha unapanda nusu saa kwa miguu. Miezi minne walimu walimpa chai, wakamlalamikia ukungu, wakanyamaza. Mwezi wa tano Mwalimu Jenoveva, wa hisabati Darasa la Sita, akamvuta darasani baada ya wanafunzi kutawanyika. Alikuwa mtu wa Ngara, mwaka wake wa saba huko juu, na wanafunzi tisini na wawili peke yake.

"Mzee, nakwambia ukweli, nikifukuzwa nifukuzwe," alisema. "Sehemu siziwezi. Kujumlisha najikongoja, kugawanya sijui kabisa. Nikifika hapo naruka. Miaka mitatu watoto wanaingia kwenye mtihani hawajui, na mimi ndiye niliyewanyima. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye begi."

Mzee alitoa viazi vitatu kwenye mfuko wake, akavikata katikati kwa kisu. "Kila mtoto apewe nusu. Wangapi watapata?"

Jenoveva akahesabu vipande. "Sita. Tatu kugawanya kwa nusu, kumbe ndiyo hivi?" Akacheka mpaka akafuta machozi.

Wiki iliyofuata aliwaambia wanafunzi wake kwamba hapo hata yeye alikuwa hajui, basi wajifunze wote. Mtoto mmoja akanyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, sijaelewa." Kisha mwingine. Barua ikachanwa. Mzee Abubakari alirudi Malindi siku hiyo akiimba ndani ya basi, mtu mzima na mvi zake.

Mwisho wa mwezi Husna aliomba nusu ukurasa tu: amejifunza nini, bila jina la mtu. Mzee akaketi kuandika, na mkono ukashika njia yake ya miaka yote. Jina la mwalimu. Somo. Upungufu: haimudu mada ya sehemu. Ushauri: asaidiwe, ana moyo. Tarehe, saini, na chini kabisa, kama alivyoandika mara elfu: Nakala, Mwalimu Mkuu. Na kwa kuwa nakala ikiandikwa hupelekwa, aliitia kwenye bahasha, akampa kondakta wa basi la Mtae. Hakuwa na ubaya wowote. Alilala usingizi mzuri.

Mwalimu Mkuu, Cosmas, aliisoma kwenye kikao cha walimu, amesimama, taratibu, neno kwa neno. Ilipofika siku ya gulio wazazi walikuwa wanaijua.

"Mzee, nakala ya nini?" Husna aliuliza kwenye simu. "Nani alikutuma nakala?"

"Nimezoea," alijibu, akalichukia neno hilo likiwa bado mdomoni.

Kesho yake akapanda kule juu kuomba radhi. Jenoveva alimpokea mlangoni, nguo imenyooshwa, andalio la somo mkononi.

"Shikamoo mzee. Karibu darasani."

"Marahaba. Mwalimu, nimekuja kukuomba—"

"Kipindi kinaanza, mzee."

Akawekewa kiti nyuma. Ubaoni palikuwa na kugawanya sehemu, kwa mwandiko mzuri ajabu. Jenoveva akauliza swali, na mikono tisini na miwili ikaruka juu kwa pamoja. Mzee alikaribia kupiga makofi. Ndipo alipotazama vizuri.

Mikono mingi ilikuwa ya kushoto. Hakuna mkaguzi asiyeujua mchezo huo: anayejua ananyoosha wa kulia, asiyejua wa kushoto, na mwalimu anachagua wa kulia tu, mgeni aone darasa zima lina akili. Msichana aliyekaa mbele yake alikuwa ameukaza wa kushoto mpaka bega linatetemeka, na daftari lake halikuwa na hata namba moja. Jenoveva aliita wa kulia, na mwingine wa kulia, na mwingine. Wote walipata. Darasa likashangilia.

Katika milima yote hii mtu mmoja tu aliwahi kumwambia mzee "sijui", na yeye ndiye aliyemziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Kipindi kilipoisha Jenoveva alimletea daftari la maoni kwa mikono miwili. Dirishani alikuwa amesimama Cosmas, anachungulia. Mzee alishika kalamu, akaona hakuna msaada mwingine uliobaki kumpa mwanamke huyu isipokuwa uongo. Akaandika: Somo limeeleweka vizuri. Akatia saini.

"Nisamehe, mwanangu," alinong'ona.

"Hakuna shida, mzee," Jenoveva alisema, huku akitazama viatu vyake. "Ila safari ijayo naomba utuambie mapema siku unayokuja, tujiandae."