Nusu ya Mwendo wa Bingwa

Mama Mbio alikuwa anafunga kamba za viatu kwenye benki ya damu, chini kabisa ya hospitali, simu kutoka wodi ya wazazi ilipolia. Wodi iko ghorofa ya tano. Lifti ilikufa siku nyingi. Kibao cha "Inafanyiwa Matengenezo" kilishapakwa rangi upya mara kadhaa, na hayo ndiyo matengenezo yaliyokuwa yakifanyika.

Kazi yake ni kupandisha damu kwa ngazi, na Jumapili hukimbia mbio za ridhaa na kumaliza hoi, meno yote nje. Jioni huketi na mumewe kulinganisha mwendo wake na wa yule bingwa wa viatu vya njano, anayempenda kama ndugu wa tumbo moja. Hesabu haibadiliki: yeye ni nusu ya bingwa.

"Nusu si haba," husema mumewe. "Wengine hata robo hatufiki."

Kwenye simu alikuwa mkunga. "Kuna mama anatokwa damu nyingi. Fanya hima, mwenzangu."

Akachukua boksi. Kwenye ukumbi wa kusubiri runinga ilikuwa inaonyesha marathoni, bingwa akiongoza peke yake. Mama Mbio alipopita, bingwa aligeuza shingo, akaiacha barabara ya huko, akakanyaga ukingo wa runinga na kushuka sakafuni, jasho likimtiririka.

Mlinzi akamzuia. "Saa ya kuona wagonjwa bado."

"Sijaja kuona mgonjwa. Nimekuja kukimbia."

"Basi pita. Ila usidondoshe jasho, ngazi zimepigwa deki sasa hivi."

Mpaka ghorofa ya kwanza walikwenda sambamba, bingwa akijizuia kwa heshima.

"Dada, kila siku unapanda hivi?"

"Mara nne, tano."

"Kocha wangu asingeniruhusu."

Mama Mbio alisikia raha mpaka kwenye magoti. Lakini juu kulikuwa na mtu anakufa, naye aliijua hesabu yake. Akampa boksi.

"Kimbia, mdogo wangu. Usinisubiri."

Bingwa akaenda. Mama Mbio hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Miguu iligusa ngazi kama vidole vya fundi cherehani juu ya kitambaa, bila kishindo. Mama Mbio mwenyewe alikuwa anapita ghorofa ya tatu aliposikia mlango wa wodi ukifunguliwa na mkunga akisema, "Lete, mwanangu, lete."

Mgonjwa akapona, na mtoto pia. Bingwa aliporudi runingani alikuta wawili wameshampita. Mtangazaji alisema labda ni tumbo.

Mganga mkuu alifurahi sana. Alimpongeza Mama Mbio mbele ya watu, kisha akaagiza runinga isogezwe karibu na ngazi, na lifti isubiri mwaka mwingine, maana tatizo limeshapata ufumbuzi. Kibao kikapakwa rangi.

Wiki iliyofuata simu ikalia.

"Mwingine," alisema mkunga. "Hali ni ileile."

Mama Mbio akatoka na boksi, akasimama kidogo mbele ya runinga. Hakukuwa na mbio siku hiyo. Mtu alikuwa anafundisha kupamba keki. Akaingia kwenye ngazi peke yake, magoti juu, hatua nyepesi, kama alivyomwona bingwa. Alikimbia vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Alipopita ghorofa ya tatu alijua kwamba bingwa angekuwa ameshafika.