Siku Tatu za Kadi

Siku ya tatu Sau-king aliamka, akakuta mlango umefungwa kwa nje tena. Dada yake, Wan-fong, alishakwenda kiwandani kushona glovu. Alimwachia uji, yai la chumvi, na maneno yale yale: "Usikohoe, mdogo wangu."

Wiki ilikuwa haijaisha tangu aogelee ghuba kutoka China Bara mpaka Hong Kong. Maganda ya chaza yalimchana nyayo, hata sasa anatembea kwa visigino. Kisha serikali ya Waingereza ikatangaza: atakayevuka kuanzia sasa atarudishwa, waliokwisha kuingia wana siku tatu za kujiandikisha wapate kadi. Leo ndiyo ya mwisho.

Mama Mok, jirani, akagonga. "Wewe paka wa Wan-fong! Najua umo. Mpwa wangu kapanga foleni tangu jana, kaiva na jua kama bata wa kuchoma, lakini karatasi anayo. Toka, binti!"

Sau-king akaziba mdomo.

Wan-fong aliporudi jioni, Sau-king alimsihi. "Dada, twende. Bado hawajafunga."

"Baba naye, kule nyumbani, serikali ilimwambia njoo useme kasoro zetu, usiogope. Akaenda na kalamu yake mfukoni. Ulimwona tena?"

"Hawa si wale."

"Serikali ikikuita kwa upole, jifiche. Ndicho nilichojifunza mimi."

Sau-king angeweza kupiga kelele. Aliitazama mikono ya dada yake, imejaa matundu ya sindano. Miaka minane mikono hiyo iliwatumia wa nyumbani mafuta na nguo. Akabaki ndani, siku ikaisha.

Wiki iliyofuata mpwa wa Mama Mok akaanza kazi. Kiwandani kwa Wan-fong likabandikwa tangazo: asiye na kadi haajiriwi. Polisi nao wakawa wanasimamisha watu chini ya ngazi.

Wan-fong akakaa kitandani, hata viatu hakuvua.

"Nimekukosea, mdogo wangu."

Asubuhi aliondoka bila kufunga. Ufunguo aliuacha mezani, kando ya bakuli la uji.

Sau-king alisogea mpaka kizingitini. Watoto walikuwa wakikimbizana koridoni. Mtu alikuwa anakaanga samaki. Akashuka ngazi moja, ya pili. Chini kabisa sauti ya kiume ikauliza, "Kadi yako?"

Akarudi juu kwa visigino, akaufunga mlango mwenyewe, kwa ndani. Kikohozi kikamjia. Akauma mkono wa blauzi yake.