Mzunguko Mmoja wa Nati

Kuku aliipita skuta ya Mama Speciosa, akasimama kudonoa mchwa, akaachwa hatua mbili, kisha akaipita tena bila haraka. Fideli Nkeshimana, fundi baiskeli wa Bukiriro kwa miaka ishirini na miwili, aliyashuhudia hayo akiwa amechuchumaa kando ya barabara, spana namba kumi mkononi. Kuna aibu ambazo mtu huzipokea kimya, kama anavyopokea habari za msiba.

"Umemwona kuku?" Mama Speciosa aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Nimemwona, Mama."

"Tena mwenye vifaranga. Angekuwa jogoo ningevumilia."

Skuta ilikuwa na magurudumu matatu, betri mbili chini ya kiti na kikapu mbele. Shirika moja lenye ofisi Biharamulo lilimpa Mama Speciosa miezi miwili iliyopita. Polio ilikuwa imechukua miguu yake akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo alifikishwa kila mahali kwa hisani ya watu: mgongoni kwa kaka zake, kwenye keria za baiskeli, na siku ya kipaimara chake ndani ya toroli la kubebea saruji, akiwa amevaa gauni jeupe. Alipopata skuta aliacha kuomba. Kila asubuhi alikwenda mwenyewe sokoni kuuza dagaa, na jioni alirudi kwa njia ndefu, makusudi, ili aonekane.

Baada ya wiki tatu skuta ikaanza kuzembea. Sasa ilikuwa inatambaa. Na Ijumaa, yaani kesho kutwa, Bwana Muksini wa shirika angefika kukagua. Masharti yalikuwa yameandikwa kwa upole sana: skuta itoke kanisani na kufika zahanati kwa dakika kumi, ikishindwa, inarudi ofisini na kupewa anayefuata kwenye orodha, mtu wa Nyantakara. Mama Speciosa hakuwa na ugomvi na mtu wa Nyantakara, ila alikuwa ameanza kumtaja kwenye sala zake kwa namna isiyo ya Kikristo.

Fideli alikuwa ameanza na matairi, akayajaza upepo mpaka yakawa magumu kama goti. Skuta ikatambaa. Akafungua betri, akasugua vichwa vyake kwa msasa, akakaza nyaya. Akaazima mita ya fundi redio, mita ikaapa kwamba betri zimejaa. Skuta ikatambaa. Akaufuata waya mmoja mmoja kutoka kwenye usukani hadi kwenye mota, kama mtu anayefuatilia ukoo, na hakukuta hata mmoja wenye kosa.

Ushauri haukukosekana. Raya mwenye duka aliuliza kama Mama Speciosa amejipima uzito karibuni, swali lililompotezea mteja. Katekista Aron alijitolea kuinyunyizia skuta maji ya baraka. Fideli alimkatalia kwa heshima, akieleza kwamba maji na umeme havipatani hata vikibarikiwa.

Alhamisi yote ilipotea hivyo. Mama Speciosa alilalamika kwamba mashine imechoshwa na kufunguliwafunguliwa. Fideli akalalamika kwamba mgonjwa anayesimamiwa na mwenyewe hatibiki. Waliagana bila kuangaliana.

Ijumaa saa mbili asubuhi walijaribu kwa mara ya mwisho. Kutoka kanisani barabara inapanda kidogo, kisha inamwagika chini hadi zahanati. Skuta ilipanda kwa dakika tisa. Ilipofika juu, hata kushuka ilishuka kwa kusitasita, kama bibi harusi aliyelazimishwa. Hapo Fideli aliishiwa subira. Aliamuru isimame, akalishika gurudumu la nyuma ili aliinue.

Akautoa mkono haraka na kuutia kinywani.

Ngoma ya breki ilikuwa ya moto kama kikaango. Mama Speciosa hakuwa amegusa breki asubuhi yote. Fideli alitema mate pale, mate yakachemka. Akapiga magoti, akaitazama nati ndogo ya kukazia waya wa breki, akaitambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake mwenyewe.

Ni yeye aliyeikaza, wiki ile ya tatu, alipoziba pancha. Hakuambiwa aikaze. Hakuna aliyewahi kumwambia. Tangu kaka yake Felisiani aliposhuka kilima hikihiki na mikungu minne ya ndizi na breki isiyoshika, hakuna baiskeli iliyotoka mikononi mwa Fideli bila nati ya breki kuongezewa mzunguko mmoja, bure. Baiskeli zote za kata zilikuwa zikijikokota. Vijana wa Bukiriro walisifiwa mpaka Ngara mjini kwa vigimbi vyao, wakadhani ni damu ya ukoo.

"Umeona nini?" Mama Speciosa aliuliza.

"Nimempata mchawi."

"Nani?"

"Mimi, Mama."

Alimweleza yote, macho yake yakiwa kwenye nati. Alitegemea matusi, na alikuwa ameyapangia nafasi. Mama Speciosa alikung'uta vumbi kwenye kitenge chake ambacho hakikuwa na vumbi.

"Felisiani alinibeba sana kwenye keria yake," alisema mwishoni. "Alikuwa anaimba vibaya."

"Sana."

"Legeza."

"Mama, mteremko huu..."

"Fideli. Miguu yangu imefungwa breki miaka hamsini na minane. Legeza."

Aliweka spana. Mkono wake haukutaka; ilibidi ausaidie kwa mkono mwingine. Alirudisha mzunguko mmoja, akaliinua gurudumu, akalisukuma kwa kidole. Likazunguka, likaendelea kuzunguka, bila sauti. Akamtaka Mama Speciosa akamate breki, likasimama papo hapo. Akamwambia arudie. Akamwambia arudie tena, mara sita, mpaka mama akamuuliza kama anangoja apewe sakramenti.

Saa nne Bwana Muksini alisimama mbele ya zahanati, fomu mkononi, saa mkononi. Fideli alibaki juu kileleni, mahali ambapo angeweza kuona pande zote mbili na asingeweza kusaidia upande wowote.

Skuta ilikuja kutoka kanisani ikiunguruma kwa chini. Ilipanda kilima kana kwamba ni mteremko. Ilimpita Fideli, na Mama Speciosa hakumtazama; alikuwa ameinama mbele, kilemba kimekazwa, mdomo umekazwa. Kisha ikaanza kushuka.

Ilishika kasi. Watu waliokuwa njiani walihamia majanini. Chini kule Bwana Muksini alitazama saa yake, akatabasamu, akainua mkono wenye kalamu kuonyesha kwamba inatosha, ni dakika sita tu, amefaulu.

Mama Speciosa alimpita.

Alipita lango la zahanati, akapita benchi la wagonjwa, kitenge kikipepea nyuma yake. Fideli alitaka kupiga kelele, hakuwa na pumzi. Skuta ilizidi kuwa ndogo, ikielekea kwenye kona ambako barabara inageuka kwenda milima mingine.

Penye kona, taa nyekundu ya breki iliwaka nyuma ya kiti. Skuta ikapunguza mwendo kwa adabu, ikainama, ikakata kona. Taa ikazimika, na vumbi likaendelea kupanda upande wa pili wa kilima.