Waraka wa Kuzima Visivyofanya Kazi

Usiku wa kuamkia leo nimeota niko kazini, jambo ambalo si haki, maana mimi ni fundi umeme wa jengo la wizara na nilikuwa nimeshatoka.

Waraka umefika asubuhi: ili kubana matumizi ya umeme, kila kisichofanya kazi kizimwe. Matumizi yasiposhuka kufikia saa tisa mchana, fundi aondolewe. Fundi ni mimi.

Naanzia kwa mkurugenzi, Bwana Kyaruzi. Hayupo. Koti lake limekaa kitini, limejikunyata kwa baridi.

"Bosi yupo," koti linasema likitetemeka. "Ametoka kidogo."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

Leo Alhamisi. Nanyoosha mkono nizime kiyoyozi. Kinanishika kidole.

"Soma waraka vizuri, fundi. Mimi nafanya kazi. Nalipoza koti hili siku ya nne, hata chai sijaenda. Tafuta wasiofanya."

Nafungua mlango wa choo, natokea kantini. Bwana Kyaruzi anakunywa supu. Nyuma ya shingo ana swichi nyeupe, kama ya ukutani.

"Shikamoo, bosi. Leo umefanya kazi gani?"

"Marahaba. Nafuatilia."

"Unafuatilia nini?"

Anafikiri mpaka supu inapoa. Nambonyeza. Ta! Anazimika, kijiko mdomoni.

Nazima naibu wake. Nazima Kamati ya Kubana Matumizi, wajumbe kumi na wawili na feni zao tano. Mita ukutani inashusha pumzi: "Ahsante, baba." Huko chini foleni ya wananchi, iliyoganda tangu wiki iliyopita, inaanza kusogea. Katibu muhtasi, Bi Hobokela, anagonga mihuri peke yake, gumba limelowa wino wa bluu.

Huruma inanishika. Narudi kumwasha mkurugenzi. Swichi haipandi.

"Waraka umesema kuzima," kijiko kinasema. "Kuwasha kunahitaji waraka mwingine."

"Nani atausaini?"

"Huyo uliyemzima."

Bi Hobokela anaingia.

"Na wewe fundi, umefanya kazi gani? Taa ya koridoni inawaka mchana kutwa, mwaka wa sita huu."

Natafuta jibu kwa moyo wote. Linalotoka ni moja tu: "Nafuatilia."

Gumba lake likanigusa nyuma ya shingo.

Nikaamka. Kumekucha, mke wangu anafungua pazia. Akanitazama, akaja karibu.

"Baba Lusajo, hebu geuka. Nani kakupaka wino wa bluu shingoni?"